Shule ni ya Nani?

Ukitaka kuifahamu jamii iliyohamia nchi ya ugeni, usitazame nyumba zake peke yake. Nyumba huweza kujengwa na mtu anayepita. Tazama kama wamejenga shule, na tena ukatazame ni watoto wa nani wanaoingia mlangoni mwake. Kwa ajili hiyo nakuomba, msomaji, tufuatane katika historia ya Kibera na Kawangware, mitaa ya upande wa magharibi wa jiji la Nairobi. Katika pande hizo jina la Waturuki lilifika mara mbili: mara ya kwanza kwa bunduki, na mara ya pili kwa chaki.

Mwaka wa 1820 Muhammad Ali, aliyeitawala Misri kwa jina la Sultani wa Uturuki, alipeleka jeshi kuiteka Sudani. Wenyeji wa huko waliuita utawala huo utawala wa Waturuki. Vijana wengi wa Sudani walikamatwa wakafanywa askari. Baadhi yao waliwekwa kusini kabisa, katika jimbo la Ekwatoria, ambalo tangu mwaka wa 1878 lilikuwa chini ya Emin Pasha, daktari mzaliwa wa Ujerumani. Mwaka wa 1885 wafuasi wa Mahdi waliuteka mji wa Khartoum, na askari hao wa kusini wakakatiwa njia ya kurudi. Mwaka wa 1891 Kapteni Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, aliwakuta karibu na Ziwa Albert akawaandika katika jeshi lake. Basi watu waliotwaliwa kwa ajili ya dola moja wakajikuta wakiitumikia dola nyingine. Watu hao na wazao wao ndio tuwaitao Wanubi, na lugha yao, Kinubi, ilizaliwa katika Kiarabu cha kambini.

Mwaka wa 1902 Waingereza waliunda jeshi la King's African Rifles, na Wanubi walikuwa miongoni mwa askari wake wa kwanza. Tangu mwaka wa 1904 baadhi yao walikaa na jamaa zao katika msitu karibu na Nairobi, wakauita Kibra, neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka wa 1912 mahali hapo palitengwa kuwa ardhi ya jeshi, eka karibu 4,200. Askari alipewa kibali cha kukaa na kulima, lakini hakupewa hati ya kumiliki. Ilipofika mwaka wa 1928, Kibera ilitolewa mikononi mwa jeshi ikawekwa chini ya serikali ya raia, na tangu hapo Mnubi akawa kama mgeni katika shamba alilolifyeka mwenyewe.

Je, watoto wa watu hao wangesoma wapi? Katika siku za ukoloni shule za Kenya zilipangwa kwa rangi: za Wazungu mbali, za Wahindi mbali, na za Waafrika mbali. Kila jamii iliyokuwa na fedha ilijijengea. Shule nyingi za Waafrika zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na Wanubi ni Waislamu. Wakikuyu, ambao ardhi yao ilifika Dagoretti na Kawangware, waligombana na wamisheni mwaka wa 1929, wakaanzisha shule zao huru kwa michango ya wazazi. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange alifungua chuo cha walimu huko Githunguri. Hali ya hatari ilipotangazwa mwaka wa 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga. Hapa pana somo la kwanza: wenye mamlaka hujua kuwa shule si kuta tu, kwa kuwa anayeishika shule ameshika na kesho ya watu.

Sasa na tuje kwenye safari ya pili. Mwaka wa 1998 walimu na wafanyabiashara waliotoka Uturuki walifungua Nairobi shule ya kulipia iliyoitwa Light Academy, chini ya wakfu wao uitwao Omeriye. Hawakuja kama askari, wala hawakutumwa na serikali yao. Walikuwa watu wa harakati iliyofuata mafundisho ya Fethullah Gülen, mwanazuoni wa Kituruki, ambayo ilijenga shule katika nchi nyingi za dunia. Dar es Salaam shule za namna hiyo ziliitwa Feza. Light Academy haikuwa madrasa. Watoto wa Kenya walifundishwa humo kwa Kiingereza na wakafanya mtihani wa taifa, na shule ikapata sifa hasa katika hesabu na sayansi. Baadaye matawi yalifunguliwa Mombasa.

Walakini sifa huja na karo, na karo ni ukuta usioonekana. Mzazi wa Kibera au Kawangware aliyeishi kwa kibarua cha siku hakuweza kuuruka. Ni kweli kwamba Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani nchini. Lakini shule za serikali zilizohudumia Kibera zilikuwa tano tu, nazo zilikuwa pembezoni mwa mtaa. Mtafiti Mwingereza James Tooley na wenzake walipohesabu shule za Kibera katika miaka iliyofuata, walikuta shule za binafsi 76, zenye wanafunzi 12,132. Kawangware nako shule za namna hiyo zilikuwapo. Nyingi zilikuwa vyumba vya mabati na udongo, na waanzilishi wake walikuwa walimu, makanisa na majirani. Hivyo katika mji mmoja, neno hilohilo, shule ya binafsi, lilitaja jumba lenye maabara, likataja na kibanda chenye ubao mmoja.

Usidhani, msomaji, kwamba jumba lenye maabara lilikuwa salama kwa sababu ya uimara wake. Usiku wa tarehe 15 Julai 2016 baadhi ya wanajeshi wa Uturuki walijaribu kuipindua serikali yao wakashindwa. Serikali hiyo ilimshtaki Gülen, naye akakana. Mara Uturuki ikazitaka nchi za Afrika zizifunge shule za wafuasi wake au zizikabidhi kwa wakfu mpya wa serikali, uitwao Maarif. Somalia ilikubali mwaka uleule. Kenya haikuzifunga shule za Light Academy, lakini wasiwasi haukuwaacha Waturuki waliokuwa Kenya. Oktoba 2024 serikali ya Kenya ilikiri kuwa imewarudisha kwao Waturuki wanne waliokuwa wakimbizi, kwa ombi la Uturuki. Ugomvi uliozaliwa Ankara na Istanbul ulifika mpaka Nairobi.

Wanubi nao walikuwa na kesi yao. Mwaka wa 2011 Kamati ya Afrika ya haki na ustawi wa mtoto iliamua kuwa Kenya imewavunjia watoto wa Kinubi haki ya uraia, na pia haki ya elimu. Mwaka wa 2017 serikali iliwapa Wanubi hati ya ardhi ya Kibera, eka 288. Linganisha na zile karibu 4,200 za mwaka wa 1912, utaona ni sehemu ndogo kiasi gani iliyobaki.

Basi shule ni ya nani? Mwanzilishi atasema ni yake, maana alitoa mali. Serikali itasema ni yake, maana hutoa kibali. Nchi alikotoka mgeni yaweza kusema vivyo hivyo. Lakini historia tuliyoipitia yatuonyesha kwamba mali hunyang'anywa na kibali hufutwa. Kinachobaki ni kile mtoto alichotoka nacho kichwani, na watu wa jirani ambao wangesimama kuitetea shule kwa kuwa watoto wao wamo ndani. Mgeni ajengaye shule hupanda mti katika ardhi ya wenzake, na mizizi ya mti huo ni watoto wa jirani. Ukuta ukiwazuia watoto hao, mti huota kama ndani ya chungu. Aje mwenye nguvu, ataubeba na kuondoka nao.

Siku moja huenda nawe ukajenga shule, au ukakaa katika baraza iamuayo nani aingie. Siku hiyo simama mlangoni asubuhi uwahesabu watoto wapitao. Kisha uwahesabu na wale wanaotazama kutoka ng'ambo ya barabara.