Historia ya Listeria kwa Wajawazito na Watoto Wachanga

Listeria ni bakteria anayeishi udongoni, kwenye mimea inayooza na matumboni mwa mifugo. Mjamzito aliyeambukizwa huweza kupata homa na maumivu ya mwili kama ya mafua, kisha akapona, ilhali bakteria ameshavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Mimba huharibika, mtoto huzaliwa mfu au njiti, au huugua maambukizi ya damu siku za mwanzo. Wengine huzaliwa wazima, wakapata homa ya uti wa mgongo wiki chache baadaye. Kwa kuwa dalili za mama ni hafifu, chanzo cha vifo hivyo kilichukua miongo mingi kujulikana.

Bakteria huyu alielezwa mwaka 1926 na watafiti Murray, Webb na Swann, baada ya sungura wa maabara kufa huko Cambridge, Uingereza. Mwaka uliofuata, Harvey Pirie alimkuta kwa panya wa porini nchini Afrika Kusini, akampa jina la kumuenzi daktari Joseph Lister. Mwaka 1936, nchini Marekani, mtafiti Burn alionyesha kuwa huua pia watoto wachanga.

Uzito wa jambo hilo ulidhihirika mjini Halle, Ujerumani Mashariki, kuanzia mwaka 1949. Watoto wengi walizaliwa wafu au walifariki mapema, na maini yao na viungo vingine vilijaa vinundu vidogo. Ugonjwa ulipewa jina jipya kabla ya mtafiti Potel kuthibitisha kuwa ni listeria. Hata hivyo, njia ya maambukizi haikujulikana. Wengi waliamini yalitoka moja kwa moja kwa wanyama.

Jibu lilipatikana Kanada mwaka 1981. Kati ya wagonjwa 41 wa majimbo ya pwani ya mashariki, 34 walikuwa wajawazito au watoto wachanga. Uchunguzi uliishia kwenye saladi ya kabichi. Kabichi hizo zilikuzwa kwa samadi ya kondoo, baadhi yao wakiwa wamekufa kwa listeria, kisha zikahifadhiwa kwenye ghala la baridi. Baridi inayowazuia bakteria wengi haimzuii huyu, naye huendelea kuzaliana polepole hata ndani ya jokofu. Mwaka 1985, jibini laini lilisababisha mlipuko mwingine Los Angeles, na kati ya wagonjwa 142, 93 walihusiana na ujauzito.

Mlipuko mkubwa kuliko yote ulitokea Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018. Madaktari wa wodi za watoto wachanga ndio waliotoa taarifa za kwanza. Wagonjwa zaidi ya 1,000 walithibitishwa na watu zaidi ya 200 walifariki. Watoto kadhaa wa kituo cha malezi Soweto walipougua tumbo, soseji ya poloni waliyokula ilichunguzwa, na ufuatiliaji ukafika hadi kiwanda kimoja cha Polokwane.

Matukio hayo ndiyo msingi wa ushauri wa kliniki za wajawazito: maziwa yachemshwe, nyama iive, mboga za kula mbichi zioshwe vizuri, na nyama za kusindikwa zipashwe hadi zitoe mvuke. Maambukizi yakigunduliwa mapema hutibiwa kwa ampisilini, na mtoto huweza kuokolewa.