Swichi ikijibu "sijambo", usiondoke mara moja

Leo tuingie mahali ambapo wengi wetu hatufiki: ndani ya kituo cha data, mbele ya rafu za swichi. Swichi ni lile sanduku bapa lenye matundu mengi ya kebo na vitaa vya kijani vinavyometameta. Kazi yake ni kupokea paketi za data kutoka seva moja na kuzipeleka kwa nyingine. Seva mia zinaweza kuwa nzima kabisa, lakini swichi iliyo katikati ikiugua, zote zinaonekana zimekufa.

Swali la leo ni hili: tunajuaje kwamba swichi ni nzima?

Sisi Waswahili tuna desturi moja. Ukimuuliza mtu "hujambo?" atakujibu "sijambo", hata kama usiku kucha hakulala kwa homa. Ugonjwa hutajwa baadaye, baada ya neno "ila". Mitambo ya mtandao nayo iko hivyo hivyo. Historia ya kukagua afya yake ni historia ya wahandisi kujifunza kuisubiri hiyo "ila", na somo lenyewe lilianza kwa hasara.

Babu wa ruta na swichi za leo aliitwa IMP. Ilikuwa kompyuta kubwa kama jokofu, iliyotengenezwa na kampuni ya BBN ya Marekani kwa ajili ya mtandao wa ARPANET. Ya kwanza ilifika chuo kikuu cha UCLA mwishoni mwa Agosti 1969. BBN hawakuwa wajinga. Tangu mwanzo walizipangia IMP zitume ripoti zenyewe makao makuu: mimi niko hai, laini zangu ziko hivi. Ilifika mahali BBN wakawa wanaipigia kampuni ya simu kuiambia kwamba laini yake imekatika, kabla kampuni yenyewe haijajua!

Kisha ikaja tarehe 27 Oktoba 1980. Mtandao mzima ukasimama kwa saa kadhaa.

Mhandisi Eric Rosen wa BBN alieleza kisa hicho katika waraka uitwao RFC 789 wa mwaka 1981. Kila IMP ilikuwa ikituma taarifa za hali ya laini zake, na kila taarifa ilibeba namba ya mfuatano ili wapokeaji wajue ipi ni mpya. Namba hizo zilikwenda kutoka 0 hadi 63, kisha zikarudi 0, kama mshale wa saa unavyozunguka. Taarifa zilizotoka IMP namba 50 zikapata hitilafu: biti zake zilikuwa zikianguka. Namba 44 kwa lugha ya biti ni 101100. Angusha biti moja unapata 101000, yaani 40. Angusha nyingine unapata 001000, yaani 8. Basi zikatokea taarifa tatu za mashine ile ile, zenye namba 44, 40 na 8.

Sasa tazama balaa. Kwa hesabu ya mzunguko, 44 ni mpya kuliko 40, na 40 ni mpya kuliko 8. Lakini 8 nayo ikahesabiwa kuwa mpya kuliko 44, maana ilidhaniwa mzunguko umekwisha na kuanza tena. Kila IMP ikawa inapokea moja, inatupa nyingine, inasambaza, kisha inapokea ya tatu, inasambaza tena... bila mwisho. Mashine zikashughulika na taarifa hizo hadi zikakosa nafasi ya kazi nyingine. Wahandisi walilazimika kuweka kiraka katika IMP moja baada ya nyingine, ili zipuuze taarifa zote kutoka namba 50.

Kilichonishangaza mimi kama mtu wa programu ni kwamba ulinzi ulikuwepo. Taarifa hizo zilikuwa na hesabu ya uhakiki ya kugundua makosa njiani. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo haikulinda kila mahali ndani ya kumbukumbu ya mashine ambapo namba ilipita. Mlinzi alikaa langoni, mwizi alikuwa sebuleni. Na mashine iliyokufa kabisa isingeleta msiba huu, maana wenzake wangeizunguka tu. Iliyoangusha mtandao ni mashine mgonjwa iliyokuwa bado inajibu salamu.

Haya, tuendelee. Desemba 1983 Mike Muuss, wa maabara ya jeshi la Marekani, aliandika programu ndogo iitwayo ping. Jina alilichukua kwenye sauti ya sona za manowari, lakini kwa Kiswahili tungesema inapiga hodi. Unabisha, ukijibiwa "karibu" unajua kuna mtu ndani. Ni chombo kizuri mno na mpaka leo tunakitumia kila siku. Lakini hodi haikuambii kama mwenye nyumba ana homa.

Kwa hiyo mwaka 1988 ikatoka itifaki ya SNMP, na toleo lake lililoenea likachapishwa kama RFC 1157 mwaka 1990. Hapa fundi akaweza kuuliza maswali mahususi: paketi ngapi zimepita tundu hili? Ngapi zilikuwa na makosa? Mwaka 1995 Tobias Oetiker akatoa MRTG, ile programu ya kuchora majibu hayo kwa grafu, na wasimamizi wengi wa mitandao walijifunza kazi wakiwa wanazikodolea macho grafu hizo.

Maswali ya mwili wenyewe wa mashine yalipata kanuni ya pamoja baadaye. RFC 3433 ya Desemba 2002 iliweka utaratibu wa kusoma vihisi, yaani vijidude vinavyopima joto, volti, mkondo wa umeme na mizunguko ya feni. Ndani yake kuna jambo dogo ninalolipenda sana. Kihisi chenyewe kimepewa hali tatu: kiko sawa, kipimo hakipatikani, au kihisi kimeharibika. Walioandika kanuni ile walikumbuka kwamba hata kipimajoto huugua. Kipimo kikisomeka 0, pengine si kwamba chumba kina baridi.

Hata vile viunganishi vya nyaya za mwanga vilianza kujieleza. Kanuni ya SFF-8472 inavitaka vitoe vipimo vitano: joto, volti, mkondo wa leza, nguvu ya mwanga unaotoka na nguvu ya mwanga unaoingia. Leza inayozeeka mara nyingi huhitaji mkondo mkubwa zaidi kutoa mwanga ule ule. Ukifuatilia kipimo hicho unaweza kuubadilisha mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Je, baada ya yote hayo tatizo la 1980 lilikwisha? Hapana. Tarehe 20 Julai 2008 huduma ya kuhifadhi data ya Amazon, S3, ilikwama kwa saa kadhaa. Amazon walieleza kwamba biti moja moja ziliharibika katika ujumbe ambao seva zilikuwa zikipeana kuhusu hali zao. Data za wateja zilikuwa na uhakiki, lakini ujumbe huo wa ndani haukuwa nao. Miaka 28, kosa la ukoo ule ule!

Mwaka 2015 Microsoft walichapisha maelezo ya mfumo wao uitwao Pingmesh, ambamo seva za vituo vya data zinapigiana hodi mfululizo na kuweka kumbukumbu. Siku moja waliona paketi zinapotea. Swichi zenyewe hazikuonyesha dalili yoyote. Walifuata njia hatua kwa hatua hadi wakaifikia swichi moja ya ngazi ya juu, wakaiondoa kazini, na upotevu ukakoma. Sababu? Biti zilikuwa zikigeuka ndani ya moduli yake moja. Swichi ilikuwa inasema "sijambo" kwa moyo mweupe kabisa. Haikujua kwamba inaumwa.

Na kuna magonjwa yasiyo na homa. Februari 2017 Cisco walitangaza kwamba baadhi ya vifaa vyao, ruta na swichi zikiwemo, vina kijenzi cha mapigo ya saa kinachoweza kuanza kufa baada ya takriban miezi 18 ya kazi. Kikifa, kifaa hakiwaki tena. Usomaji wa joto na feni usingekuonya. Kilichosaidia ni daftari: kujua una kifaa gani, cha toleo gani, na kimefanya kazi muda gani.

Kwa hiyo mimi naona kuna watu watatu wa kuulizwa. Kwanza muulize mgonjwa mwenyewe: kwenye swichi za Cisco Nexus, amri za show environment na show module zitakuonyesha feni, umeme, joto na hali ya moduli. Pili muulize jirani: swichi ikidai inatoa mwanga wa kutosha, angalia upande wa pili unapokea kiasi gani. Tatu muulize mpita njia, yaani seva zinazoitumia: paketi zinafika? Zinachelewa? Majibu matatu yakipingana, usimwamini mgonjwa kwa sababu tu kitaa chake ni cha kijani.

Pengine utasema haya ni mambo ya Wamarekani na vituo vyao vikubwa. Lakini mwaka 2015 mitambo ya M-Pesa ilihamishwa kutoka Ujerumani ikaletwa Kenya. Mama mboga anaposubiri ujumbe wa malipo, salio lake linapita kwenye swichi zilizo hapa hapa kwetu, na anayezitunza ni kijana kama wewe. Biti iliyoanguka mwaka 1980 iliwasumbua watafiti. Leo ikianguka mahali pabaya, inamsimamisha mtu sokoni na mboga zake mkononi.

Ukipewa funguo za chumba cha seva, salimia swichi zako kila asubuhi. Zikikujibu "sijambo", subiri kidogo usikie kama kuna "ila".

Maoni na maswali yenu nayasubiri hapo chini. Tuonane tena.