Kabla ya kununua mashine ya gemu, muulize fundi wa Buruburu

Nimekuwa kimya kidogo, kazi ya mteja imenishika shingo.

Juzi mpwa wangu wa Umoja alinionyesha picha ya kompyuta ya gemu iliyoundwa tayari: taa za kila rangi, RTX 5090 ndani. "Anko, hii si ni kali?" Kadi hiyo peke yake ilizinduliwa mwaka 2025 kwa dola 1,999. Ni kali, sikatai. Nikamwuliza kama ana picha ya ndani, upande wa pawa saplai. Hana. Basi nikamsimulia tulikotoka.

Eastlands tulijifunzia gemu kwenye vibanda vya PlayStation, unalipa kwa mechi. Kompyuta zilifuata baadaye, na nyingi hazikuwa mpya. Zilikuwa mitumba ya maofisi ya Ulaya na Marekani. Ukitaka kucheza Counter-Strike unaongeza RAM, unachomeka kadi ya grafiki ya bei nafuu, unaomba Mungu.

Mashine hizo zilitufunza kwa moshi. Pawa saplai nyingi za wakati ule zilikuwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 au 230. Mtu analetewa mashine na ndugu aliye Marekani, anaichomeka kwenye stima yetu ya volti 240 bila kugeuza swichi. Paa! Harufu inabaki sebuleni hadi Jumapili.

Moshi wa pili ulikuwa wa hila zaidi. Intel ilitoa vipimo vya ATX mwaka 1995 ili vipuri vya makampuni mbalimbali viingiliane. Kuanzia mwaka 1998 hivi, Dell ilitumia plagi yenye umbo lile lile la ATX lakini nyaya zimepangwa kivyake. Yaani pawa saplai ya kawaida inaingia vizuri kabisa, halafu inaua madabodi. Hebu fikiria fundi aliyezoea kubadilisha vipuri kwa macho tu!

Kisha zikaja OptiPlex GX270, zilizojaa kapasita mbovu zilizovimba vichwa kama chapati. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha hasara hiyo. Lakini mtumba haina waranti. Hapa mtaani waranti ilikuwa fundi mwenye kifaa cha kulehemu na kopo la kapasita alizong'oa kwenye madabodi zilizokufa. Alizibadilisha moja moja, na mashine ikaamka. Mimi nimeandika programu zangu za kwanza kwenye mashine kama hiyo, kwa hiyo mnisamehe nikimheshimu fundi kuliko tangazo.

Mwaka 2006 Dell iliinunua Alienware, kampuni ya mashine za gemu iliyoanzia Miami mwaka 1996. Sasa tazama Aurora R13 ya mwaka 2021: madabodi ya umbo lake yenyewe, plagi za umeme za kwake. Pawa saplai ikifa Kayole, huwezi kushuka Luthuli Avenue ukapata nyingine. Area-51 ya mwaka 2025 ilirudi kwenye pawa saplai ya ATX, na kwangu hiyo ni habari kubwa kuliko kasi yake. (Kasi nayo ipo, msinielewe vibaya.)

Halafu stima. Hiyo 5090 inaruhusiwa kula wati 575 kabla hujahesabu prosesa. Kompyuta nzima ikivuta wati 700, saa tano za gemu ni yuniti tatu na nusu za tokeni. Mama mwenye nyumba atakuja kuuliza unachomelea nini.

Mpwa wangu amemwandikia muuzaji maswali mawili: pawa saplai ni ya ATX? Madabodi ikiharibika, nyingine inatoka wapi? Hadi naandika haya, muuzaji amemtumia picha nyingine ya taa.