Jinsi Kompyuta ya Nyumbani Ilivyonyimwa Uenyeji

Mtu anapofungua seva ya Minecraft kwenye kompyuta ya nyumbani ili acheze na marafiki, mara nyingi mambo huenda hivi: yeye mwenyewe anaingia bila tatizo, lakini rafiki aliye mtaa wa pili anasubiri, anasubiri, kisha anaambiwa muda wa kuunganishwa umekwisha. Hapo huanza kazi ya kuzima na kuwasha ruta, kulegeza fayawali, kubadili namba za poti, kufuta programu na kuiweka upya. Wengi huishia kuamini kwamba hawajui kompyuta. Imani hiyo inawaonea. Hitilafu hii ina historia ya zaidi ya miaka 30, na anayeifuatilia ataona kwamba kompyuta ya nyumbani ilikuwa na uwezo wa kuwa mwenyeji tangu mwanzo. Ilinyimwa nafasi hiyo hatua kwa hatua, kwa maamuzi yaliyofanywa mbali na mchezaji na kwa sababu ambazo hazikuhusu gemu hata kidogo.

Miaka ya mwanzo ilikuwa na taabu za namna nyingine. Doom, iliyotolewa na id Software Desemba 1993, iliruhusu watu wanne kucheza pamoja kwa itifaki ya IPX, iliyotumika kwenye mitandao ya ofisi. Toleo la kwanza lilirusha pakiti zake kwa kila mashine iliyokuwa kwenye mtandao, iwe inacheza au haichezi, na baadhi ya vyuo na kampuni zikaipiga marufuku kwa kulemea mitandao yao. IPX haikupita kwenye intaneti, kwa hiyo zikatokea programu kama Kali, iliyozifunga pakiti za IPX ndani ya pakiti za intaneti ili gemu lidhani wachezaji wako chumba kimoja. Quake, iliyotoka Juni 1996, ilibadili mpangilio wote. Kompyuta moja ilikuwa seva, ikitunza hali halisi ya mchezo na kusikiliza kwenye poti namba 26000, na nyingine zilikuwa wateja wake. Desemba mwaka huohuo ikaja QuakeWorld, ambamo John Carmack wa id Software aliifanya mashine ya mchezaji ikisie matokeo ya mwendo wake bila kusubiri jibu la seva, ili wenye modemu za simu nao waweze kucheza. Taabu ya siku zile, basi, ilikuwa kasi na ucheleweshaji. Kufikika hakukuwa tatizo kubwa, kwa sababu aliyepiga simu kwa modemu kwa kawaida alipewa na mtoa huduma anwani kamili ya intaneti kwa muda wote wa simu ile. Kuwa mwenyeji kulihitaji kumtajia rafiki anwani hiyo tu.

Anwani hizo ndizo zilizokuwa zikiisha. Mfumo wa IPv4 una biti 32, yaani anwani zipatazo bilioni 4.3, na mapema miaka ya 1990 wahandisi waliona wazi kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha pendekezo lililokuja kuitwa NAT: mashine nyingi za ndani zishiriki anwani za nje. Wenyewe waliliita suluhisho la muda mfupi na wakakiri kwamba lina kasoro. Februari 1996 mafungu ya anwani za ndani yakathibitishwa rasmi, likiwemo lile linaloanza na 192.168, ambalo leo liko katika nyumba nyingi sana duniani. Ruta ya nyumbani ikawa kama karani wa shule anayeshika ufunguo wa S.L.P. moja ya wanafunzi wote: huandika daftarini nani ametuma barua wapi, na jibu likija hulipeleka kwa aliyetuma. Barua ambayo hakuna aliyeitangulia kwa barua yake haina jina daftarini, naye huitupa. Mteja wa gemu ndiye anayetangulia kuandika, kwa hiyo hukutana na karani huyu bila kujua yupo. Seva hungoja barua za watu ambao haijawahi kuwaandikia. Ndiyo maana kompyuta ileile huweza kuingia kwenye seva za dunia nzima huku mtu wa nje akishindwa kuingia kwake.

Tiba ya kwanza ilikuwa kumwelekeza karani kwa mkono: kila kinachokuja kwa poti fulani, kwa Minecraft ni 25565, kipelekwe kwa mashine fulani. Inafaa, ila ina mitego. Ruta hugawa anwani za ndani upya, na kompyuta iliyokuwa 192.168.1.5 jana ikiwa 192.168.1.9 leo, maelekezo yanabaki yakiielekea mashine isiyokuwepo. Tena ruta nyingi haziwezi kuirudisha ndani pakiti iliyotoka ndani kwenda kwenye anwani yake yenyewe ya nje, kwa hiyo mwenye seva akijipima kwa anwani hiyo anaweza kushindwa wakati wageni wanaingia vizuri. Akijipima kwa anwani ya ndani na akafaulu, amethibitisha tu kwamba seva inafanya kazi. Kipimo cha kuaminika ni mtu aliye nje ya nyumba, au simu iliyozimwa Wi-Fi ikatumia data.

Tiba zilizofuata zilijaribu kumwondolea mtu kazi hiyo. Mwaka 2001 ulisanifishwa utaratibu wa UPnP, ambao gemu lenyewe huutumia kuiomba ruta ifungue poti. Xbox Live, iliyoanza Novemba 2002, iliwazoesha wachezaji kuziona nyumba zao zikipangwa madaraja ya NAT: iliyo wazi, ya wastani na kali. Wengine walitumia ujanja wa kutoboa tundu: seva ya katikati huipa kila moja ya kompyuta mbili anwani ya nje ya mwenzake, kisha zote huandikiana kwa wakati mmoja, ili kila ruta idhani inapokea jibu. Mwaka 2005 Bryan Ford, Pyda Srisuresh na Dan Kegel waliripoti kwamba ujanja huo ulifaulu kwa takriban asilimia 82 ya vifaa vya NAT vilivyopimwa kwa UDP, na asilimia 64 kwa TCP, itifaki mbili za kusafirisha pakiti. Ni ushahidi mzito kuliko unavyoonekana. Wataalamu watatu walihitaji mbinu ya namna hiyo, na bado karibu kifaa kimoja kati ya vitano kiliwashinda hata kwa UDP. Mchezaji wa kawaida angejilaumu kwa lipi?

Yapo mapingamizi yenye uzito kwa anayeitetea kompyuta ya nyumbani. La kwanza ni usalama. Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ulishambulia Windows kupitia poti zilizokuwa wazi, na nyumba zilizokuwa nyuma ya NAT zilipata kinga. Ni kweli, lakini kazi ya kukinga ni ya fayawali, ambayo hukataa kwa sheria iliyowekwa na mwenye mashine. NAT hukataa kwa kuwa haijui pa kupeleka. Microsoft yenyewe ilijibu kwa kuiwasha fayawali ya Windows XP moja kwa moja katika toleo la Agosti 2004. Pingamizi la pili husema seva za kampuni ni bora: zina kasi, na ni rahisi kuwadhibiti walaghai. Nalo ni kweli mpaka siku kampuni inapochoka. GameSpy ilipofunga huduma zake mwaka 2014, magemu mengi yaliyoitegemea kuwakutanisha wachezaji yalipoteza mlango wao rasmi. QuakeWorld, ambayo msimbo wake ulitolewa huru Desemba 1999, bado inaweza kufunguliwa na yeyote mwenye kompyuta na anwani inayofikika.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu zaidi sasa, hasa kwetu Afrika Mashariki. Hazina kuu ya IPv4 duniani iligawa mafungu yake ya mwisho tarehe 3 Februari 2011, na AFRINIC, inayogawa anwani barani Afrika, ikaanza mgao wa kubana mwaka 2017. Watoa huduma wakajenga NAT nyingine ndani ya mitandao yao, na mwaka 2012 likatengwa kwa ajili hiyo fungu la anwani kuanzia 100.64 hadi 100.127. Anayetumia laini ya simu au ruta ya 4G nyumbani yuko, mara nyingi, nyuma ya makarani wawili, na wa pili si wake. Kwa hiyo kabla ya kugusa poti yoyote, afungue ukurasa wa ruta na kusoma anwani ya upande wa nje. Ikiwa katika fungu hilo, au ikitofautiana na ile ambayo tovuti za nje zinamwonyesha, maelekezo yote atakayoweka nyumbani hayatafika popote. Kilichobaki ni kumwomba mtoa huduma anwani ya umma, kupitisha gemu kwenye programu ya kuunganisha kompyuta kama mtandao mmoja wa ndani, au kuuliza kama laini yake inatoa IPv6, mrithi wa IPv4, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa Desemba 1995, miezi sita kabla ya Quake. Kwa IPv6 kila kompyuta huweza kuwa na anwani yake, na kizuizi kinachobaki mara nyingi ni fayawali tu, mradi rafiki wa upande wa pili naye ana IPv6.