Shingo Zilizobeba Turiani

Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni ya Mhonda mwaka 1877, chini ya milima ya Nguru, jirani na hapa kwetu Turiani, karibu kila walichokuwa nacho kilikuwa kimetoka Bagamoyo juu ya vichwa na mabega ya watu. Njia ya gari haikuwepo, na punda na ng'ombe walikuwa wakifia njiani kwa mbung'o. Katika misafara ya enzi hizo mpagazi mmoja alitwishwa karibu frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee. Wanyamwezi walisifika kwa kubeba pembe za ndovu begani. Watu wa pwani walipendelea kichwani, na huku kwetu kichwa ndicho kilichoshinda.

Mimi nimemaliza utumishi wangu katika chumba cha eksirei, tangu enzi za filamu kuoshwa gizani na kuanikwa kama nguo. Sasa nalima mpunga. Lakini watu hawajaacha kunifuata na bahasha zao: "Shikamoo mzee, hebu niangalizie hii shingo, miezi sasa haiponi." Mimi si daktari, na kila mmoja namwambia hivyo kabla sijaitoa picha kwenye bahasha. Ila picha za shingo za watu wa hapa nimezipiga nyingi, na ninachokiona humo mara nyingi ni kazi aliyoifanya mtu na umri aliofikia, kuliko ugonjwa.

Mwezi Agosti 1916 vita vya Wazungu, Vita vya Kwanza vya Dunia, vilipita hapa hapa. Majeshi ya Jenerali Smuts wa upande wa Waingereza yalikuwa yakimsukuma Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kuelekea kusini, madaraja yakavunjwa, na tarehe 17 wakapigana Dakawa kwenye mto Wami. Risasi, unga na vitanda vya maofisa vilibebwa na Waafrika, na katika vita vile vyote wapagazi waliokufa, wengi kwa njaa na maradhi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Shingo zao hakuna aliyezipiga picha, ingawa Röntgen alikuwa ameshagundua mionzi ya eksirei tangu Novemba 1895.

Malori yalipokuja, wanaume walitua mizigo. Wanawake hawakutua. Ndizi bado zinateremka kutoka milimani kichwani, ngata chini na mkungu juu, na maji na kuni vivyo hivyo. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa Kenya na Profesa Maloiy na wenzake. Waligundua kwamba wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nguvu za ziada. Nimesikia watu wakiunukuu kana kwamba mwanamke wa Kiafrika ameumbiwa mzigo. Piga hesabu: kwa mama wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20 kabla hujaipima ndoo yenyewe.

Kupiga picha ya shingo kwa ubavu kuna kazi yake. Mgonjwa anasimama bega likigusa kaseti ya filamu, kidevu kimeinuliwa kidogo, lakini mabega yanaziba pingili ya saba, ya chini kabisa. Dawa yake ni kumpa vitu vizito ashike mikono yote miwili ili mabega yashuke. Sisi tulitumia mifuko ya mchanga. Mama mmoja wa Mhonda aliiangalia ile mifuko akacheka mpaka ikabidi nisubiri: "Mwanangu, nimekuja kwa ajili ya mizigo, na wewe unanitwisha mingine!"

Eksirei inaonyesha mifupa na nafasi iliyo kati yake. Diski zenyewe na mishipa ya fahamu haionyeshi. Kwa hiyo majibu yakisema nafasi kati ya pingili ya tano na ya sita imepungua na kuna vimiba vya mfupa pembeni, maana yake diski imesinyaa na mfupa umejijengea ukingo. Hapo ndipo shingo nyingi huchakaa kwanza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 kutoka Sierra Leone ulikuta uchakavu huo kwa wabeba mizigo wa kichwani kwa wingi kuliko kwa wasiobeba. Lakini kuchakaa si lazima kuume.

MRI ndiyo inayoonyesha diski na mishipa, na kwa miaka mingi kwa mtu wa Turiani ilimaanisha nauli ya Dar es Salaam. Novemba 2015, siku chache baada ya kuapishwa, Rais Magufuli aliingia Muhimbili ghafla akakuta mashine ya MRI haifanyi kazi, na uongozi ukabadilishwa. Tangu hapo, naona, jina la kipimo hicho linajulikana hadi vilabuni, na mtu asiyepitishwa humo anajiona hajapimwa. Sasa sikia hili: mwaka huo huo wa 2015 madaktari wa Japani walichapisha majibu ya MRI za shingo za watu 1,211 wasiolalamika chochote. Asilimia 87.6 walikuwa na diski iliyotokeza. Hata wenye miaka ishirini na kitu, zaidi ya saba kati ya kumi. Hao hawakuwa wagonjwa.

Ndiyo maana majibu ya picha peke yake hayatoshi. Diski iliyotokeza kulia haielezi ganzi ya mkono wa kushoto. Yakilingana, mahali panapouma, vidole vinavyokufa ganzi na mshipa uliobanwa kwenye picha, hapo daktari ana kitu cha kushika, na hata hivyo wengi hupata nafuu kwa mazoezi, dawa za maumivu na kupunguza mzigo, bila kisu.

Zipo dalili zisizongoja. Mikono kushindwa kufunga kifungo, miguu kujikwaa, mkojo kutoka au kugoma, homa ya jioni na kukonda, maumivu yanayokuamsha usiku, au shingo iliyoanza kuuma baada ya kuanguka mwembeni. Kifua kikuu huingia pia kwenye uti wa mgongo, na hicho kinatibika kikiwahiwa.

Kwa hiyo ukipewa bahasha yako, usiishie kuuliza "nina nini?" Muulize daktari kama kilichoonekana kinalingana na upande unaokuuma, na kama kitabadilisha tiba yako. Mwambie na kazi unayofanya na uzito unaobeba, maana picha haitamwambia yote. Na filamu ya zamani usiitupe wala kuifanya pazia la dirisha. Ataihitaji kulinganisha na mpya.