Malipo ya likizo ya ugonjwa

Malipo ya likizo ya ugonjwa ni ujira anaoendelea kupata mfanyakazi aliyezuiwa na maradhi kufika kazini. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi mfanyakazi awe na cheti cha daktari. Sheria ya Kenya ya 2007 ina mkono mfupi zaidi: angalau siku 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara kila mwaka.

Kiwango cha malipo hubadili mahudhurio, na Ujerumani imelionyesha hilo waziwazi. Huko mwajiri hubeba wiki 6 za mwanzo, kisha bima ya afya hupokea mzigo. Mwaka 1996 serikali ya Helmut Kohl ilishusha malipo ya wiki hizo kutoka asilimia 100 hadi 80. Vyama vya wafanyakazi vilikuja juu, na mikataba mingi ya pamoja ikalinda mshahara kamili. Palipokatwa, siku za ugonjwa zilipungua. Serikali ya Gerhard Schröder ilirejesha asilimia 100 mwaka 1999.

Upungufu huo wa siku za ugonjwa si faida tupu. Mgonjwa anayejikokota kazini kwa kuogopa kukatwa mshahara huzalisha kidogo, hukosea, na huwaambukiza wenzake mafua. Hasara hiyo ni ya kweli, ingawa haiandikwi kwenye orodha ya mishahara, na waajiri wengi huisahau wanapopiga hesabu.