Unyumbufu wa Mahitaji: Kodi ya Soda na Mkoba wa Mnunuzi

Soda ikipanda bei, wateja watapunguza kununua kwa kiasi gani? Kipimo cha jambo hili wachumi hukiita unyumbufu wa mahitaji. Unachukua asilimia ya badiliko la kiasi kinachonunuliwa, unaigawa kwa asilimia ya badiliko la bei. Tuseme soda ya shilingi 1,000 imepanda hadi 1,100, na duka lililokuwa likiuza chupa 100 kwa siku sasa linauza 88. Bei imepanda kwa asilimia 10, mauzo yameshuka kwa asilimia 12, basi unyumbufu ni 1.2. Ukizidi 1, wateja ni wepesi kuiacha bidhaa. Ukiwa chini ya hapo, kama ilivyo kwa chumvi, watanunua tu.

Neno linalohitaji uangalifu hapa ni mahitaji. Mtaani, mahitaji ni vitu ambavyo nyumba haiendi bila hivyo: unga, mafuta, sabuni. Kwa mchumi ni kile ambacho mtu yuko tayari kukinunua kwa bei fulani, na uwezo anao. Mwili hauhitaji soda hata kidogo, lakini mahitaji yake sokoni ni makubwa.

Tena unyumbufu hautegemei kinywaji peke yake, bali pia urahisi wa kukipata kwingine bila kodi. Mji wa Philadelphia, Marekani, ulianza Januari 2017 kutoza kodi ya senti 1.5 kwa kila wakia ya kinywaji kilichotiwa utamu. Kwa chupa ya lita 2 hiyo ni kama dola nzima. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa mauzo katika maduka makubwa na ya dawa ya mjini yalishuka kwa asilimia 51. Ila wengine walivuka tu mpaka wa mji wakanunua huko; ukihesabu na hao, upungufu halisi ulikuwa asilimia 38.

Meksiko nayo ilianza mwaka 2014 kutoza vinywaji hivyo kodi ya peso 1 kwa lita, tena nchi nzima, kwa hiyo kuvuka mpaka wa mji hakukusaidia. Ununuzi ulishuka kwa asilimia 5.5 mwaka wa kwanza na 9.7 mwaka wa pili, na waliopunguza zaidi ni watu wa kipato cha chini. Maji ya chupa, yasiyotozwa kodi hiyo, yakanunuliwa zaidi.

Serikali inayotaka kweli kupunguza kisukari kwa kodi hii iitoze nchi nzima, na maji safi yawe rahisi kuliko soda katika kila duka.